Magunia Tisa na Insha ya Vurugu

Jumapili, tarehe 14 Juni

Dada yangu mpendwa,

Nimeanza na tarehe kwa sababu mwalimu wetu husema barua isiyo na tarehe ni kesi isiyo na shahidi. Baada ya tarehe naweka ahadi: humu nitakueleza yote, hata yale yatakayonifanya nitamani kuichana karatasi. Ukiona mahali nimekatakata maneno, jua hapo ndipo palipouma.

U hali gani, Dada? Miguu imeacha kuvimba, au bado mnasimama wodini tangu asubuhi hadi jua linazama? Na yule muuguzi mkuu mliyempa jina la Kengele, bado anawafuata mpaka stoo kuhesabu pamba? Sisi huku tu wazima wa mwili. Baba anakula, anakohoa kidogo asubuhi, basi. Mimi nimerefuka tena. Sketi uliyonishonea imekimbilia juu ya magoti, na mwalimu wa zamu ameanza kunitazama kama anayepima kwa rula.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ni ya Baba, na siku hizi huiweka mezani kwa sauti kubwa, hata jirani anajua ulikula nini mchana. Haya ya leo hayafai kusikika karakanani. Barua nampa dereva wa lori la magodoro, ambaye ameahidi kuifikisha kesho getini kwenu. Anarudi Alhamisi, na nakuomba kwa hisani yako asirudi mikono mitupu.

Nianzie shuleni, maana ndiko mambo yalikoanzia. Mwezi uliopita mwalimu wa Historia, yule mwembamba tunayemwita Chaki, alitupa insha: eleza maana na chimbuko la vurugu. Darasa zima liliguna. Wa viti vya nyuma wakauliza kama ni vurugu ya mpirani au ya uchaguzi. Akajibu kuwa ni vurugu yenyewe, kama wazo, na anayedhani ni kazi nyepesi ajaribu. Mimi unanijua. Siku ileile nilikwenda maktaba nikakumbatia kamusi mpaka mtunza vitabu akaanza kufunga madirisha. Niliorodhesha fujo, ghasia, rabsha, zogo, sokomoko, vululuvululu, shaghalabaghala, mchafukoge, na sikuwa nimemaliza. Nilishangaa, Dada. Theluji tumeipa neno moja, lakini mambo kuharibika tumeyapa ukurasa mzima. Nikajaribu kuyatenganisha: zogo lina sauti, ghasia ina watu, bali mchafukoge hauhitaji mtu, waweza kuukuta chumbani mwenye chumba akiwa safarini.

Maana, basi, niliipata. Chimbuko ndilo lililonishinda. Mwisho nikaandika kwamba vurugu hutokana na watu wasiopenda kupanga vitu vyao. Sentensi hiyo ilinipendeza sana. Ilibaki kutafuta mfano, na mfano ulikuwa upande wa pili wa ukuta, karakanani kwa Baba.

Wewe uliondoka Baba akiwa na rafu zake, chupa zake na kile kijitabu cha mafuta mafuta alimoandika kila cherehani kinachoingia. Siku hizi kijitabu hakipo. Ni mwaka wa pili sasa ana mtindo wa magunia. Akipokea cherehani anatandika gunia sakafuni, anakifungua, na kila anachokitoa anakilaza juu ya gunia kwa mstari: skrubu ya kwanza upande wa mlangoni, ya mwisho upande wa ukutani. Akirudisha, anaanzia ukutani akirudi mlangoni. Haandiki kitu. Mwezi uliopita yalikuwa magunia tisa, kwa kuwa Mama Pindo, mkubwa wa ule ushirika wa washonaji, alileta vyerehani vyao vyote kwa mkupuo vihudumiwe kabla ya msimu wa kushona sare. Kuvuka karakana ilibidi uruke kama panzi. Springi huku, mikanda kule, kikombe cha chai katikati. Mgeni angeapa kuwa kimbunga kimepita. Na mimi niliapa hivyo, kwa wino, kwenye insha.

Mwishoni mwa Mei Baba akasafiri siku nne. Alisema anafuata vipuri. Aliporudi Jumapili mchana akiwa na kifurushi kidogo kisichojaza hata mfuko wa shati, karakana ilikuwa safi. Magunia yote tisa yamekung'utwa na kukunjwa. Skrubu zimo kwenye chupa juu ya rafu, ndefu na wenzao, fupi na wenzao. Springi zimekaa pamoja, mikanda imening'inizwa, na sakafu imesuguliwa mpaka inateleza. Kwa sasa nasema tu ilikuwa safi. Mengine nitayafikia, nimekwisha ahidi.

Baba aliingia kama anavyoingia siku zote, akainama kushika gunia la kwanza, na mkono wake ukagusa saruji. Akapapasa kushoto, akapapasa kulia. Sijawahi kuona mtu akitafuta sakafu juu ya sakafu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo ni nani aliyemwua. Nilikuwa mlangoni na glasi ya maji mkononi. Nilifungua mdomo, lakini kabla neno halijatoka alikuwa amekwisha kumwita Shangazi, mara tatu, kwa ile sauti ya kuita mbuzi aliyeingia shambani.

Shangazi alikuja na kisu cha vitunguu. Alipoambiwa ufagio wake umemfukuzia wateja, aliwaka. Alisema yeye hufagia jikoni na uani, na huko karakanani hatii mguu tangu siku alipochomwa na sindano. Baba akasema nyumba hii ina mfagiaji mmoja tu. Shangazi akamkumbusha kuwa tangu utotoni kila akipoteza kitu dada yake ndiye mwizi, hata lile jino lake la mbele alimtuhumu yeye kulificha. Kwa kweli ningecheka kama ingekuwa siku nyingine. Halafu Shangazi akainua macho akatazama rafu, akanyamaza ghafla kama redio iliyoishiwa betri. Akanitazama mimi, mara moja tu.  Kesho yake asubuhi alifunga mzigo wake akaenda kwa binti yake, mtaa wa nyuma ya kiwanda cha sabuni, na mpaka leo hajarudi. Wewe unajua kwamba tangu tumzike Mama, Shangazi ndiye aliyekuwa nguzo ya nyumba hii. Sasa napika mimi. Nimekwisha pika vyakula viwili ambavyo hata Baba, asiyechagua, aliuliza majina yake.

Nimechoka, Dada, na ninakereka, wala sioni haya kuandika hivyo. Nakereka na Baba asiyesema, nakereka na skrubu. Wewe ungedhani skrubu ni skrubu. La. Kila cherehani kimezizoea zake kwa miaka. Ukikipa za jirani kinakwama, kinakata uzi, kinatetemeka kama mwenye homa. Baba alikaa siku tano kwenye cha kwanza. Anachukua skrubu moja, anaipitisha kwenye ukucha wa kidole gumba, anaijaribu, inakataa, anarudia. Akikosea mara kumi haongei. Akikosea mara ya kumi na moja anakunywa chai iliyopoa.

Na Mama Pindo haishi kuja. Unakumbuka alivyo: hamwangalii mtu usoni mpaka amalize kukagua pindo la nguo yake. Jumatatu aliuliza kama cherehani chake kimekwenda likizo. Jumanne akauliza kama kimeoa huko kilikokwenda. Alhamisi hakutania. Alisema shule tatu zimewapa kazi ya sare, kitambaa kimelala mezani, na wenzake wanane wanashona vifungo kwa mkono kama wafungwa. Kama mwezi utakwisha bila vyerehani, sare zitapelekwa kwingine, na Fundi asitarajie kuona tena hata bobini yao. Baba akaapa mbele yake kwamba hatatoka karakanani, hata aitwe na nani, mpaka cha tisa kitoke mlangoni. Kiapo hicho ndicho kinachonikosesha raha kuliko yote. Utaona kwa nini.

Lakini kwanza Chaki. Jumatatu iliyopita alirudisha insha. Nimepata tisa kwa kumi, ya kwanza darasani. Kwa kalamu ya kijani ameandika: mfano hai, hongera. Kesho yake, insha zikiwa zimekwisha sahihishwa, ndipo akatufundisha chimbuko. Alisema Wayunani wa kale, ambao ndio waliotoa khaos, neno linalotumiwa na mataifa mengi kwa vurugu, hawakumaanisha vitu vilivyotupwa ovyo. Neno lao lilikaribiana na kupiga miayo. Lilikuwa mwanya, uwazi ulioachama kabla ya ardhi na mbingu, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kushika. Mamia ya miaka yalipita ndipo Warumi wakaujaza uwazi huo lundo la vitu visivyo na umbo, na tangu hapo watu wakaona vurugu ni wingi wa vitu badala ya kukosekana kwavyo. Akaongeza kuwa mwanakemia mmoja wa zamani, alipokosa jina la kitu kisichoshikika kinachotoka kwenye makaa, inasemekana aliliazima neno hilohilo akalipinda kidogo, ndiyo gesi tunayopikia. Mmoja wa viti vya nyuma akasema sasa ameelewa kwa nini kwao chakula kinaungua. Watu walicheka. Mimi nilikuwa naiona sakafu ya Baba, ile inayoteleza, na mkono wake juu ya saruji.

Nilinyoosha kidole. Niliuliza, pengine kwa ukali kuliko adabu, kwa nini tumepewa chimbuko baada ya insha na si kabla. Chaki alijifuta vumbi mikononi akasema kama angetupa kabla, angesahihisha insha arobaini za kwake mwenyewe. Ni jibu zuri, na lilinikasirisha. Baada ya kipindi nilimfuata nikamwomba anirudishie yangu niiandike upya. Alikataa. Alisema iliyo bora haiombewi msamaha, na tena ameichagua isomwe Siku ya Wazazi, Jumamosi ijayo tarehe ishirini. Mimi nitasoma, na mzazi wangu ataombwa asimame apigiwe makofi. Hebu fikiria, Dada. Baba asimame, katika shati lake jeupe, mbele ya Mama Pindo ambaye wajukuu wake wawili wanasoma pale, asikilize binti yake akieleza kuwa chimbuko la vurugu ni mtu kama yeye.

Sasa kiapo. Jumatano nilifua koti la safari la Baba. Mfuko wa ndani ulikuwa na kadi ya hospitali ya macho, imekunjwa mara nne. Jina lake, muhuri, na maneno haya ambayo nimeyashika kwa moyo: mtoto wa jicho, macho yote mawili, upasuaji wa jicho la kulia Jumatatu tarehe 29 Juni, mgonjwa aje na ndugu mmoja. Hakufuata vipuri. Siku zote nne alikuwa kwenye mabenchi ya hospitali, peke yake. Mtu ambaye hunipa nimsomee jumbe za simu, bei za dukani, hata maandishi ya kwenye sabuni, akisema macho yake ameyaweka akiba ya vyerehani, hakunipa kadi hii. Niliikausha, nikairudisha mfukoni na mikunjo yake ileile. Na kesho yake ndipo alipomwapia Mama Pindo. Vyerehani vilivyokuwa tayari siku hiyo: kimoja. Siku za kufika tarehe 29 nilizihesabu kwa vidole, vikaisha.

Nimefika pale ambapo ningetaka kuchana karatasi.

Ni mimi, Dada. Aliyekunja magunia ni mimi. Jumamosi ile Shangazi alikwenda harusini tangu asubuhi, na mimi nilikuwa na insha yenye mfano lakini isiyo na hitimisho. Nikajiambia kuwa nitapanga karakana, Baba arudi afurahi, na insha ipate mwisho. Insha ina ukurasa wa tatu ambao sijakutajia: unaeleza jinsi mwandishi alivyoleta mpangilio kwa siku moja tu mahali ambapo mtu mzima alishindwa kwa miaka miwili. Niliuandika jioni ileile mikono ikiwa bado na sabuni. Jumatatu asubuhi, Baba akiwa amekwisha kuvunjika moyo na Shangazi akifunga mzigo, niliikabidhi hivyohivyo, kwa sababu ilikuwa siku ya mwisho na sikuwa na nyingine.

Kuna zaidi. Kila chupa niliibandika karatasi yenye maandishi ya wino mwekundu, herufi za ukubwa wa kidole: SKRUBU FUPI, SKRUBU NDEFU, SPRINGI. Mwandiko wangu, Dada, ambao Baba huutambua hata kwenye orodha ya soko. Ndiyo maana sikusema pale mlangoni. Nilidhani sina haja. Nilidhani dakika ileile atainua macho, atasoma, atanigeukia, na nitapata ninachostahili. Aliyeinua macho ni Shangazi. Alisoma, akanitazama, akaamua kuondoka na kosa langu kichwani kama mzigo wake mwenyewe. Baba aliishusha chupa ya springi, akaisogeza dirishani, akaigeuza upande huu na huu, akaniuliza humo mna nini. Nilimjibu. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo ninaloliogopa katika nafsi yangu. Kwa hiyo kadi haikunifundisha kitu kipya. Iliniambia tu jina la kitu nilichokijua siku kumi. Siku ya pili yake nilizibandua karatasi zote. Sikuzibandua kwa sababu ya Baba. Nilizibandua kwa sababu ya wageni wenye macho.

Nimefahamu sasa kuwa yale magunia yalikuwa kijitabu chake. Alipoanza kutoona maandishi, aliyalaza sakafuni, na kila usiku alilala akijua asubuhi ataanzia wapi. Nikayakung'uta.

Usidhani nimekaa kitako nikilia. Tangu Jumatano, nikitoka shule natandika gunia nakaa karibu naye. Nilimwambia nataka kujifunza ufundi. Akauliza tangu lini, nikasema tangu nichoke na Historia. Amenifundisha kupitisha skrubu kwenye ukucha na kusikiliza meno yake, na mimi namtafutia zilizofanana kwa macho huku yeye akizijaribu kwa vidole. Wawili tunakwenda kasi kuliko mmoja. Cha pili kimetoka jana. Mama Pindo alishona mstari mmoja juu ya kitambaa, akakagua, akasema si kibaya, na kwake hiyo ni sherehe. Vimebaki saba, na siku kumi na tano. Zikijitokeza saa za kutosha, na nikiacha kupika vitu visivyo na jina, huenda tukafika. Naamini tutafika. Ila Siku ya Wazazi ni Jumamosi, na sitasimama kusoma ukurasa ule. Nimekwisha amua, hata Chaki aning'oe masikio. Na Shangazi siwezi kumwacha huko kwa kosa nisilolisema.

Wasalimie wenzako wa chumbani, hasa yule aliyenitumia kalamu nne za rangi. Nyekundu imekwisha, na umeona ilivyokwisha. Msalimie hata Kengele. Kama utapata ruhusa ya tarehe 28, njoo uwe yule ndugu mmoja. Ukikosa nitakwenda mimi, sare yangu fupi na yote. Usinitumie kitu chochote, nitumie maneno.

Maana tangu asubuhi najaribu kuandika sentensi ya kumwambia Baba, na kila ninayoianza kwenye chupa inaishia machoni mwake. Nikisema ni mimi, atauliza mbona nilinyamaza siku ile, na jibu la kweli ni kwamba nilikuwa nangoja asome. Kukiri langu ni kufichua lake, na yeye amelificha miaka miwili hata kwetu sisi damu yake. Basi wewe unayebandua bandeji za watu kila siku nao wasipige kelele, nijibu hili kabla ya mengine yote, na dereva arudi nalo Alhamisi: nitalisemaje kosa langu bila kumvua Baba nguo?

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mziwanda